Rangi Aliyochanganya Mama Mkwe

Tulikaa miaka minane katika ndoa bila ya mtoto. Mimba mbili zilitoka, ya tatu ikashika. Ilipofika miezi saba mume wangu alimaliza kile chumba kidogo cha nyuma ya nyumba yetu hapa Chake Chake, akapiga plasta kwa mkono wake, akapaka dari nyeupe, kisha akaniuliza: "Kuta tuzipake rangi gani?"

Ugomvi wetu ulianzia hapo. Mimi nilitaka manjano, yeye alitaka buluu.

"Buluu inatuliza," alisema.

"Buluu ni ya skuli," nilimjibu. Nimesomesha miaka kumi na mbili ndani ya madarasa yaliyopakwa buluu, na sikumbuki hata siku moja yalipomtuliza mtoto yeyote.

Tukaenda dukani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, na Kipemba chake ni kizito kuliko changu. Alitutandazia kitabu cha rangi juu ya meza, akasikiliza kila mmoja na hoja zake, kisha akamgeukia mume wangu. "Yakhe, mwenye tumbo ndiye mwenye ukuta." Mume wangu akacheka lakini hakukubali. Tukarudi na makopo mawili, la manjano na la buluu, tukapaka kipande kimoja cha kila rangi ili tuzitazame kwa mwanga wa asubuhi na wa alasiri. Wiki mbili zikapita. Tulizitazama asubuhi, tukazitazama alasiri, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Kila mgeni aliyefika tulimpeleka chumbani atuamulie. Jirani mmoja alisema yeye angepaka rangi ya damu ya mzee, tukamtoa haraka.

Mama yangu mzazi ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo aliyekuja kunikalia alikuwa mama mkwe, kutoka Ole, na gunia la muhogo na chupa ya mafuta ya karafuu. Tulipomfungulia mlango wa kile chumba alisimama kizingitini, hakuingia.

"Mtoto mchanga ana chumba cha nini? Mie nimezaa saba, wote wamelala ubavuni kwangu, na hapana hata mmoja aliyeniuliza kuta zina rangi gani."

"Mama, mambo ya siku hizi," mume wangu akasema.

"Siku hizi nd'o watu humtandikia mgeni ambaye hajapiga hodi? Acheni. Na huyu asivute harufu ya rangi."

Akaufunga mlango mwenyewe. Nilijua anaogopa nini. Mimba zile mbili alizililia kama mimi. Mimi pia niliogopa, ila hofu yangu ilinituma kutaka rangi, yake ikamtuma kufunga mlango. Sikumbishia.

Uchungu ulikuja wiki tatu kabla ya siku zake, asubuhi, nikiwa nakunja nguo. Adhuhuri nikajifungua mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga lakini ana sauti ya kuamsha mtaa. Mume wangu alimwadhinia sikioni. Mama mkwe alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, akasema "Alhamdulillahi" mara tatu, akatangaza kuwa yeye anarudi nyumbani kupika. Sisi tulibakizwa hospitali siku tano, mpaka mtoto aongezeke uzito, na mume wangu hakubanduka.

Siku ya tatu mume wangu alimpigia simu mama yake. Nyuma ya sauti yake tulisikia kitu kinakwaruzwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Napika."

"Unapika nini chenye kelele hivyo?"

"Tangu lini weye unajua mambo ya kupika?" Akakata.

Tuliporudi alitupokea mlangoni. Kanga yake ilikuwa na matone ya kijani, na unyusi mmoja ulikuwa wa kijani pia. Alimchukua mtoto mikononi mwangu bila ya salamu, akatangulia kwenye kile chumba, akausukuma mlango kwa mguu.

Kuta zote nne zilikuwa za kijani chepesi, kama dafu. Alikuwa amemimina buluu ya mwanawe na manjano yangu katika ndoo ya rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka dari, akaikoroga kwa mwiko wa ugali. Michirizi ilikuwa kila mahali, na kona moja ilikuwa imepauka kwa sababu mkorogo wa pili haukufanana na wa kwanza. Jua la dirishani lilipiga ukuta, chumba kizima kikapoa. Nilicheka mpaka mishono ikaniuma. Mume wangu alikuwa anacheka na kufuta macho.

"Rangi gani hii, mama?"

"Ya chumba," alisema. "Mtoto keshafika, mwataka alale kwenye viraka?"

Baadaye jirani yule yule wa damu ya mzee aliipenda, akabandua kipande kidogo cha rangi nyuma ya mlango, akakipeleka dukani. Mzee wa Kihindi alichanganya mara tatu, hakuipata. Ikabidi ampigie simu mama mkwe kumuuliza vipimo, naye akamwambia alikuwa anakadiria kwa jicho, kama chumvi.

Arubaini yangu ilipokwisha, mama mkwe alifunga mkoba wake. Siku ya pili akaufungua. Baba mkwe alipiga simu kutoka Ole kuuliza mkewe anarudi lini, nikampelekea simu ndani ya chumba cha kijani, ambako alikuwa amejilaza juu ya jamvi na mjukuu wake kifuani.

"Mwambie," alininong'oneza, "nitarudi mtoto akianza kukaa."

Sasa mtoto anatambaa, na mkoba wa bibi yake bado haujafungwa.