Mwezi Ulimfuata Nani

Enzi zetu, swali lilikuwa mali ya mwalimu. Mwanafunzi alikuwa na jibu au alikuwa na makalio, na kimoja kati ya hivyo viwili lazima kingetumika kabla ya kengele. Wale mliosoma shule za jiji kando ya Jogoo Road miaka ya sabini mnajua ninachosema. Kama mpaka leo unaketi kwa upande mmoja, basi mimi na wewe tulisoma pamoja.

Nakumbuka siku baba aliponipeleka darasa la kwanza. Baba alikuwa na bucha Soko la Burma, na alikuja shuleni na aproni yake ya kazi, ina damu ya mbuzi hadi magotini. Akanishika bega, akanisukuma mbele ya mwalimu, akasema, "Mwalimu, huyu bado ni mbichi. Mpike. Akikataa kuiva, ongeza moto." Mwalimu akacheka, baba akacheka, mimi nikalia. Wazazi wetu walitoka Murang'a, Siaya, Kakamega na kwingineko, na hawakuelewana kuhusu kanisa, mpira wala chakula. Lakini kuhusu fimbo ya mwalimu walikuwa taifa moja lenye amani. Mama naye alikuwa na sheria yake ya nyumbani. "Mtoto hamuulizi mkubwa kwa nini," alisema. "Mtoto anauliza wapi. Wapi maji, wapi ufagio, wapi sabuni."

Tukaenda shule hivyo hivyo. Tulikuwa hamsini na kitu darasani, watatu kwa dawati la wawili, tukinuka mafuta ya kujipaka, sweta zilizonyeshewa na githeri ya jana kwenye mikebe. Mwalimu alisema, sisi tukaandika. Akimaliza aliuliza, "Mmeelewa?" nasi tukaimba, "Ndiyooo, mwalimu!" kama kwaya siku ya mavuno, hata kama tulichoelewa ni kwamba saa ya kwenda kucheza mchezo wa kati imekaribia. Kisha aliuliza, "Kuna swali?" Hilo halikuwa swali. Ilikuwa ni njia ya kusema naondoka, wasalimieni wazazi. Mtoto ambaye angeuliza kitu hapo angekuwa anamwambia mwalimu kwamba hakufundisha vizuri, na kuwaambia wenzake kwamba yeye ni mjinga. Makosa yote mawili yalikuwa na adhabu, na ya wenzake ndiyo iliyouma zaidi.

Mkuu wa shule tulimwita Bwana Kimya, bila yeye kujua, kwa hivyo msimwambie. Alipima elimu kwa masikio. Alikuwa akipita kwenye veranda, mikono nyuma, kichwa kimeinama, na darasa lililokuwa kimya alilihesabu kuwa limeelimika. Kwa kipimo hicho, makaburi ya Lang'ata yalikuwa chuo kikuu.

Basi tulipofika darasa la sita, akaletwa Mwalimu Salama. Alikuwa mwanamke wa Tanga, mnene kiasi, sauti ya taratibu, na mumewe alikuwa fundi wa injini za treni, wakikaa kota za reli Makongeni. Siku ya kwanza alipoingia tukasimama kama askari. Yeye akatutazama, akasema, "Hamjambo wanangu? Naombeni mkae."

Naombeni! Kwetu mtu mzima aliomba Jumapili tu, tena akiwa amefumba macho. Hatukukaa. Tulidhani ni mtego. Baadaye akipita katikati ya madawati akagonga la mwenzetu Wafula, kalamu ikaanguka, na Mwalimu Salama akainama yeye mwenyewe, akaiokota, akasema, "Samahani, mwanangu." Wafula alikaribia kuzirai. Kando yangu alikuwa Akinyi, binti wa karani wa reli, msichana ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Akaninong'oneza, akimwita mwalimu kwa neno la mtaani, "Huyu odijo ni mgonjwa?"

Ugonjwa wenyewe ulionekana mwisho wa somo. Aliuliza, "Nani ana swali?" halafu hakuondoka. Aliketi kwenye ukingo wa meza yake, akaweka mikono mapajani, akangoja. Tukamtazama, naye akatutazama. Nzi walipita. Mchuuzi alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma nje ya ua, na harufu ikatuingia mpaka tumboni, na bado mwanamke yule anangoja, kama mtu aliye na hakika kwamba mgeni wake yuko njiani. Kengele ikalia. Kesho yake akafanya vile vile. Wiki nzima alitungojea, na sisi wiki nzima tukamwonea huruma.

Ni Akinyi aliyeshindwa. Nafikiri ule ukimya ulikuwa unamuwasha. Akasimama, akashika sketi kwa nyuma akijiandaa kwa lolote, akasema, "Mwalimu, kwa nini nikitumwa dukani usiku mwezi unanifuata?"

Tukacheka, kisha tukaacha, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amewahi kufuatwa. Mwalimu Salama hakucheka. "Swali zuri hilo," akasema. "Nikiwapa jibu mtaliandika tu kisha mtalisahau. Leo jioni tokeni nje nyote. Mmoja aende huku, mwingine kule. Kesho mniambie mwezi ulimfuata nani."

Jioni ile mitaa ya Maringo, Kaloleni na Makongeni ilijaa watoto wanaotembea na nyuso juu, wakijikwaa kwenye mitaro. Michezo yote ililala. Mimi nilikimbia hadi Burma, na kila nikigeuka mwezi huo hapo, juu ya mabati. Nilifika bucha nikihema. Baba alikuwa akikata mbavu. "Nani anakukimbiza?" akauliza, panga mkononi.

"Mwezi," nikamwambia.

Akatoka, akatazama juu, akanitazama mimi, akarudi kwa mbavu zake. Nadhani usiku huo alijuta kwa mara ya kwanza kwamba alisema niongezewe moto.

Kesho yake darasa lilikuwa vita. "Ulinifuata mimi mpaka Burma!" nikapiga kelele. "Muongo wewe!" Akinyi akanijibu. "Ulikuja na mimi Makongeni, ukaniacha mlangoni!" Wafula akaapa kwa jina la nyanya yake kwamba ulimfuata chooni na kumngoja atoke. Watu walipanda juu ya madawati. Mmoja alichora njia ya mwezi ubaoni, mwingine akaifuta. Mwalimu Salama alikuwa ameketi pale kwenye ukingo wa meza, machozi ya kicheko yakimtoka, akiuliza, "Haya, inawezekanaje ukawafuata wote na hakuna muongo?" Sijawahi kufikiri kwa nguvu kama asubuhi ile. Nilisikia kichwa kinapata joto.

Hapo ndipo mlango ukafunguka na Bwana Kimya akasimama.

Alimwita Mwalimu Salama nje, lakini hasira ilimfanya asahau kwamba madirisha yetu hayakuwa na vioo. "Hii ni shule ama ni soko la Gikomba?" alifoka. "Ijumaa nitaingia nikae humo ndani. Nikipata kelele, hilo darasa nampatia Gitau, na wewe utaenda kufundisha nasari kuimba."

Kwa msiosoma shule yetu, Mwalimu Gitau alikuwa mtu ambaye wanafunzi wake walivaa kaptura mbili kujikinga na kiboko hata kwenye joto la Februari.

Tulikutana mferejini, penye bomba la maji, wakati wa mapumziko, darasa zima, na haikuhitaji mtu kupiga kura. Tulimpenda. Hatukuwa na neno hilo siku zile, hakuna mtoto wa mitaa yetu ya Eastlands aliyesema anampenda mwalimu, lakini tulimpenda na tulikuwa tunakaribia kumpoteza. "Mimi nitafunga mdomo," Akinyi akasema, na hapo tukajua hali ni mbaya kweli. Tukapanga kila kitu. Tungekaa vile watoto wazuri hukaa. Na kwa kuwa meza yake ilikuwa na aibu ya kukosa fimbo, tukamkatia moja kutoka kwa ua wa kanisa, kwa sababu nyua nyingine zote zilikuwa na mbwa. Wafula akaimenya maganda, akaipaka mafuta ya kupikia ing'ae.

Ijumaa Bwana Kimya akaketi nyuma. Mwalimu Salama alipoiona fimbo mezani alisita, akaisogeza pembeni kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa. Akaanza kufundisha kama kawaida yake. Kila alichosema tulikiitikia kwa wimbo. "Mnaonaje?" Ndiyooo, mwalimu. "Kwa nini ndiyo?" Ndiyooo, mwalimu. Nilimwona akitutafuta usoni mmoja mmoja, na mimi nilimkazia macho ya kioo kama samaki wa sokoni. Nilijivunia sana macho yale.

Kisha akasema, "Nani ana swali?" Akaketi pale pale kwenye ukingo. Akangoja.

Akinyi aliuma mkono wa sweta. Nilisikia uzi ukikatika. Mwalimu akamtazama yeye, kwa muda mrefu, na Akinyi akatazama sakafu. Nilitaka kulia na sikujua kwa nini, maana mpango ulikuwa unakwenda vizuri. Mwisho Mwalimu Salama akainuka, akachukua dasta, akafuta ubao polepole ingawa haukuwa na maandishi mengi.

Bwana Kimya alisimama akiwa anang'aa kuliko fimbo yetu. "Sasa hii ndiyo klasi!" akasema. "Unaona, Mwalimu? Na hiyo kiboko, hongera. Umejifunza desturi ya hapa."

Alipokwisha kwenda tukalipuka kwa furaha. "Mwalimu, tumekuokoa!" Wafula akapiga kelele. Tukamweleza yote kwa pamoja, mferejini, kanisani, mafuta ya kupikia. Alisikiliza, mkono mdomoni. Kisha akacheka mpaka akashika tumbo, na katikati ya kicheko nikaona analia, analia kweli.

"Wanangu," akasema, "nilidhani nimewapoteza." Akajifuta kwa ncha ya khanga aliyokuwa ametupia mabegani. "Haya. Nani ana swali?"

Mikono ilikuwa mingi kuliko watoto.

Tangu siku hiyo tuliishi maisha mawili. Wafula alikaa dirishani, na akimwona Bwana Kimya kwenye veranda alinong'ona, "Mvua!" Tukafa ghafla sote. Mwalimu Salama akaichukua fimbo, akaichapa meza kwa nguvu zake zote, na Akinyi, ambaye alistahili kulipwa na redio ya Voice of Kenya, akalia, "Uwiii, mwalimu, nisamehe!" Tulisikia viatu vya mkuu vikipita polepole, vimeridhika. Kisha tukarudi kubishana.

Haikudumu. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, reli ikagawanywa, na kila nchi ikaita watu wake. Mume wa Mwalimu Salama akaambiwa arudi kwao. Siku ya mwisho alikuja na kaimati kwenye beseni, tukala bila kelele, na safari hii hatukuwa tunaigiza. Alipouliza nani ana swali, Akinyi tu ndiye aliyesimama. Hakushika sketi.

"Mwalimu, ukienda Tanga, mwezi utamfuata nani?"

Mwalimu Salama akaweka beseni mezani. "Sijui, mwanangu," akasema. "Mtatoka nje mtazame. Na mimi nitatoka."

Jumatatu tukapewa Gitau. Akinyi alimuuliza swali moja. Tulivaa kaptura mbili hadi mtihani wa mwisho, wasichana kwa wavulana.

Siku hizi naishi mtaa wa Fedha na mjukuu wangu anaitwa Jayden, jina ambalo baba yangu angedhani ni dawa ya ng'ombe. Jayden anamwita mwalimu wake Teacher Vicky, na amewahi kumwambia mbele ya darasa, "Teacher, nafikiri hapo umekosea," akapigiwa makofi. Sisi pia tungepigwa makofi, lakini shavuni. Mwezi uliopita niliitwa mkutano wa wazazi. Ukumbi mzima ulikuwa umenung'unika getini kuhusu chakula, basi na karo. Teacher Vicky, mtoto mdogo kabisa, akauliza kama kuna swali. Sisi wenye mvi tukakaza macho ya samaki. "Hakunaaa!" tukaimba. Nilijisikia nikiimba.

Jioni hiyo nilikuwa nikitembea na Jayden kutoka dukani. Mwezi ulikuwa mzima, juu ya maghorofa. "Shosho," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "mbona mwezi unatufuata?"

Moyo wangu uliruka. Nilikuwa ndiyo kwanza nainua uso alipochomoa simu, akaiuliza, nayo ikamjibu kabla sijavuta pumzi. "Ni kwa sababu uko mbali sana," akasoma, akaizima, akairudisha mfukoni. Hakuwa ametazama juu hata mara moja. Alikuwa na jibu, na ni jibu sahihi, nami nilimhurumia kama tulivyomhurumia Mwalimu Salama wiki ile ya kwanza.

"Lete hiyo simu," nikamwambia. "Wewe nenda ukipitia upande wa geti. Mimi napitia kwa duka la mboga. Tukutane mlangoni."

"Shosho, uko sawa?"

"Nenda!"

Nilikwenda nimeinua uso, shosho mzima, nikijikwaa kwenye mitaro, na watu wakinipisha. Nilifika nikihema. Jayden alikuwa mlangoni tayari, kifua kinapanda na kushuka, macho yamemtoka.

"Shosho," akasema, "mwezi umenifuata mimi."

"Muongo wewe," nikamwambia. "Ulikuja na mimi."