Kura ya mtaa bora imempeleka mama yangu kuulizwa uraia

Admin, nifichie jina na mtaa, ingawa wanaonijua watanijua tu. Mimi ni binti wa miaka 26, fundi cherehani hapa Kasulu mjini. Nimechumbiwa na mwalimu wa sekondari aliyeletwa huku kutoka mkoa mwingine, amepanga mtaa wa jirani. Mahari imeshapokelewa.

Mwezi uliopita ukurasa mmoja wa Facebook uliweka kura ya mtaa bora wa mji. Mtaa wetu ulikuwa unaburuza mkia, na mimi sipendi kudharauliwa. Nikawafungulia akaunti mama na wenzake wanaouza maharage sokoni. Hawakutaka sura zao mtandaoni, nikawawekea wote picha moja ya ndizi. Majina yalikuwa yao halisi ya Kiha, yale yanayoanza na Nta na Ndi. Kila mmoja alibonyeza mwenyewe, wanacheka mpaka wanasahau wateja. Tukaongoza.

Ndipo mtu anayejiita Mzalendo wa Kweli akaandika: "Wizi mtupu. Akaunti mpya, picha moja, majina ya Kirundi. Hawa ni wakimbizi wa kambini." Watu wakashabikia, na mmoja akataja hadi meza ya mama sokoni. Mwaka huu wakimbizi wa Burundi wameingia wengi tena, na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinafanana, huku kwetu jina tu linatosha kukutia mashakani. Wiki haikuisha, wanaume wawili wakaja kumwambia mama aende ofisi ya uhamiaji athibitishe kuwa ni Mtanzania. Mama kazaliwa hapa, bibi yake kazikwa hapa. Cheti cha kuzaliwa hana, kama wazee wengi wa huku.

Mchumba wangu ndiye aliyemsindikiza, akamtetea vizuri sana. Mama aliruhusiwa kurudi, ila ataitwa tena. Tangu siku hiyo anamwita mwanangu.

Juzi niliazima simu ya mchumba wangu nimpigie mteja. Facebook ilikuwa wazi. Mzalendo wa Kweli ni yeye.

Nilipomuuliza akasema, "Ulikuwa utani wa mitaa tu. Niliona kura zimechakachuliwa, nikasema niwaumbue. Mimi mama yako namjua kwa jina la Mama Elia tu, ningejuaje kama jina lake limo?"

Nikamwambia, "Kwa hiyo angekuwa mama wa mwingine, sawa?"

Akaniomba nisimwambie mama, harusi imekaribia.

Nina hasira sana. Mama ameacha kuongea Kiha sokoni. Akisalimiwa "mwakeye" anajibu "nzuri" huku anaangalia pembeni. Jana aliniambia haogopi kuitwa tena, kwa sababu mkwe wake atakwenda naye.

Nikisema, namnyang'anya mtu pekee anayemtegemea. Nikinyamaza, naolewa na aliyempeleka pale. Ndugu zangu mnaosoma, nimwambie mama, au nivae shela nikae kimya? Nishaurini, kichwa changu kimegoma.