Helikopta Nyekundu Niliyosema Iligeuka

Helikopta mbili za watalii ziligongana juu ya mashamba yetu ya chai hapa Boito tukiwa tunachuma. Afisa wa uchunguzi alipouliza nani aliona, mimi niliinua mkono. Nikasema ile nyekundu ndiyo iligeuka, ikaingilia nyeupe. Akaandika.

Tangu siku hiyo situlii. Mchuma chai haangalii juu, macho huwa kwa majani mawili na chipukizi. Nilisikia mlio kwanza, ndipo nikainua kichwa, na nilichoona ni vyuma vikianguka. Habari ya kugeuka niliisikia kwa wenzangu tukipanga foleni ya kupima majani. Kufika jioni nilikuwa naiona kabisa, kama niliyekuwa naangalia. Labda ni kweli. Sijui.

Leo mama ya rubani wa nyekundu alikuja kuweka maua pale mwanawe alipofia. Watu walimpisha bila kumsalimia.

"Si mtoto wake ndiye alimaliza wengine?" jirani yangu akaninong'onezea. Simlaumu, maneno ni yangu.

"Dada, mimi sikuona," nikamwambia.

"Wacha! Na vile ulituhadithia?"

"Nilikuwa nimeinama kama wewe."

"Ala! Sasa sisi wote ni waongo?"

Nilimfuata yule mama mpaka kwa gari, nikamwambia aliyemsema mwanawe ni mimi, na sikuona. Hakunitukana. Aliniomba twende kwa afisa saa hiyo hiyo. Niliingia ofisini na kikapu mgongoni.