Shahidi wa Pili

Mwaka ule wa kuelekea uchaguzi, kazi yangu hapa Juba ilikuwa kuandika vurugu za kisiasa: nani kapigwa, wapi, na kwa nini. Ofisi ilikuwa na sheria nyingi, lakini hii ndiyo iliyonichoma. Tukio halithibitishwi mpaka mashahidi wawili waseme, na mwandishi wa ripoti hahesabiwi kuwa shahidi. Ukiwa na mmoja, fomu inalala kwenye droo.

Asubuhi moja nilikuwa mtaa wa Mangateen, nimeketi kwa dada mmoja muuza chai. Tulizoeana kwa sababu sote tulikulia kambi ya wakimbizi Kenya, na Kiswahili kilitufanya ndugu kabla kabila halijatuuliza kitu. Kaka yake akaja kumletea mkaa, amevaa fulana ya chama kisichotakiwa mtaa ule. Vijana wanne wakashuka kwenye gari, wakamchapa fimbo mpaka akaanguka, wakamtupa nyuma ya gari na kuondoka. Macho hayana pazia, niliona yote. Na nilifanya nini? Niliangalia saa, nijaze fomu.

Kulikuwa na mawakili waliozunguka mahabusu kutafuta watu kama yeye, ila majina waliyachukua kwenye orodha yetu ya matukio yaliyothibitishwa tu. Bila shahidi wa pili, kaka yule hakuna wa kumtafuta.

Dada alieleza bila woga, akaweka alama ya dole gumba kwenye fomu. Nikamfuata Mganda mmoja wa boda aliyekuwa akinywa chai kando yangu siku ile. Nilimkuta kituo cha Custom, akisubiri abiria.

"Mzee, mimi iko mgeni hapa," alisema. "Ile siku nilikuwa naangalia pikipiki yangu tu."

Nilipenda kuwaambia watu kwamba sikumlaumu. Uongo. Nilimlaumu sana, maana ilikuwa rahisi kuliko kujilaumu mwenyewe.

Kila nilipopita, dada aliniuliza, "Wameanza kumtafuta?" Nami nikajibu, "Bado tuna shahidi mmoja." Siku moja akaweka birika chini.

"Ndugu yangu, si wewe ulikuwa umekaa hapo hapo?"

Nikamweleza sheria. Mtu mzima na digrii yangu, nikamsomea sheria mwanamke anayemtafuta kaka yake. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaendelea kuosha vikombe.

Wiki tatu nilijitia hamnazo. Niliogopa kupoteza kazi, basi, sina maelezo mazuri zaidi ya hayo. Mwishowe nikasema liwalo na liwe. Niliandika barua ya kuacha kazi ili nisiwe tena mwandishi wa ripoti, nikaandika ushahidi kwa jina langu, na kabla ya kuupeleka kwa mawakili nikaenda kumwambia dada kwamba sasa tuko wawili.

Hakuniangalia usoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Jirani yake muuza mboga alininong'oneza kwamba juzi wageni walikuja na gari lile lile. Nikajifanya sijasikia, nikamsomea dada karatasi yangu polepole, neno kwa neno.

"Kaka yangu alienda Uganda kutafuta kazi," alisema. "Hapa hakuna mtu aliyepigwa."

"Dada, mimi niliona."

"Basi uliona peke yako," akasema, akamgeukia mteja mwingine.