Ushuhuda wa Magoti ya Bibi

Mnicheke taratibu, maana mimi ni mtu wa aibu. Hata mwalimu akiita majina naitika kwa kunong'ona.

Juzi nilimsindikiza bibi yangu kliniki hapa Mugumu. Mama mmoja wa bima akatuambia, "Kabla hatujaanza kulipia dawa mpya ya magoti, tunataka ushahidi wa watu wa kawaida walioijaribu." Dawa hiyo bibi anaingoja kama mvua. Mimi nikasikia ushuhuda, kama wa kanisani.

Bibi akanisukuma. "Simama wewe uliyesoma. Kikurya changu hawatakiweza."

Nikasimama. "Bwana asifiwe!"

"Amina!" benchi zima likaitika. Nikapata moto.

"Bibi alikuwa hatembei. Sasa anafukuza ng'ombe mpaka bwawani Manchira!"

"Kwa dawa ipi, binti?" mama wa bima akauliza.

Nikainua pakiti ya bibi juu. Daktari wa kliniki, aliyekuwa mlangoni, akafunika uso.

"Hiyo ni ile ya zamani, tunailipia siku zote," mama akasema. "Kama inafukuza ng'ombe, mpya ya nini?"

Bibi akataka kuinuka anichape. Magoti yakagoma.

Mama wa bima akamtazama, kisha akanigeukia. "Ehe, binti. Endelea na ushuhuda."