Samli Kwenye Shafti ya Pampu

Kaka yangu alikuwa fundi wa kituo cha kupozea maziwa pale Bariadi mjini, na mimi nilikaa mapokezi, nikipima maziwa ya wafugaji kabla hayajamiminwa kwenye tangi. Kuna kimiminika kinaitwa glaikoli, hakigandi hata kikipoa sana. Pampu ndogo hukizungusha kutoka kwenye mtambo wa baridi hadi kwenye kuta za tangi. Pampu ikisimama, maziwa yanachacha.

Na pampu yetu ilikuwa inavuja. Ilivuja pale shafti, chuma kinachoizungusha, inapoingia, kwenye sili, kizuizi kidogo chenye mpira kinachoenea kiganjani. Kaka alifunga sili mpya, baada ya muda matone yakarudi, sakafu ikanata hadi kandambili zangu zikawa zinabaki nyuma. Glaikoli ikipungua baridi nayo inapungua, tukawa tunamwaga maziwa ya watu. Ukitaka kuijua aibu, simama mbele ya mama aliyetembea na ndoo tangu alfajiri, umwambie ya jana yameharibika. Mwenye kituo akaja kutoka Mwanza, akasema tukiendelea hivyo atang'oa mtambo aupeleke kwingine. Mtambo ukienda, kaka naye angeifuata kazi, na mama angebaki kijijini Kasoli peke yake na ng'ombe wake. Mimi nimeolewa, kaka ndiye aliyekuwa akilala kwake.

Kaka hakuacha kutafuta. Alikagua kama mota na pampu zimekaa mstari mmoja. Akasafisha chujio, akatoa hewa kwenye mabomba, akapima glaikoli kama imezidi maji. Yote sawa. Nikamtania, "Kaka, unaitibu au unaitekenya?" Hakucheka, nikajua hali ni mbaya.

Siku moja akashika sili iliyokufa mkono huu na mpya mkono ule. Mpira wa ile iliyokufa ulikuwa umevimba na kulegea. Akajiuliza unagusana na nini kingine zaidi ya glaikoli. Akakumbuka samli.

Mama husuka maziwa kwenye kibuyu na kupika samli mwenyewe, na kwetu samli ni dawa ya kila kitu: bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, chuchu za ng'ombe zilizopasuka, ngozi ya mtoto. Aliposikia kaka akilalamika kwamba mpira wa sili ni mgumu kuingia kwenye shafti, akampa kopo la samli aulainishe. Kila ilipofungwa sili mpya alimuuliza, "Umepaka, ng'wanone?" yaani mwanangu. Alikuwa anapaka.

Kaka akatumbukiza mpira mmoja kwenye samli na mwingine kwenye maji ya sabuni, akaiacha. Baada ya siku kadhaa ule wa samli ukawa umevimba. Mpira wa aina ile haupatani na mafuta. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema ufanyeje ikiwa nguo yenyewe umevishwa na mama. Kaka akaniambia, "Mayu asijue," yaani mama. Nililia pale pale, wafugaji kwenye foleni wakadhani nimefiwa.

Tangu hapo alilainisha kwa maji ya sabuni, na sakafu ikakauka. Jioni nilikuwa napitisha kidole chini ya shafti, kinatoka kikavu. Nikaanza kuamini tumepona. Mama akiuliza kama amepaka, kaka alijibu ndiyo, na sijawahi kumsikia akimwambia uongo mwingine.

Lakini mwenye kituo alikuwa ameshaamua. Lori likaja. Kaka mwenyewe ndiye aliyeifungulia glaikoli ikatoka, akalegeza bolti za pampu, akaifuta kwa kitambaa. Mama alikuja kwa bodaboda kumuaga, maana kaka alikuwa anaondoka na lori hilo hilo.

"Imevuja tena?" akauliza.

"Hapana, mayu. Imepona."

"Sasa mbona wanaichukua?"

Kaka akageuka, akaanza kukaza kamba zilizokwisha kukazwa. Mama akanitazama mimi. Nikamshika mkono mpaka lori likaondoka.

Nilimrudisha Kasoli kabla jua halijazama, ng'ombe wakiwa wanangoja. Akakamua. Ndoo ilipojaa, akageukia nyumba akamwita kaka kwa jina lake, aje aibebe. Nikaenda kuibeba mimi.