Redio Iliyonong'ona Ikiwa Imezimwa

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio pale Keumbu, na nilijiona najua yote. Mama mmoja mkulima wa chai alileta redio yake mara tatu: ukiizima, inaendelea kunong'ona. Dukani kwangu kila nikiizima ilinyamaza vizuri, hata hivyo nilikuwa nimeshabadilisha swichi yake mara mbili.

"Fundi, nilikuambia redio hunyamaza nikianza kwa kuzima gramafoni yangu," akasema.

Nikapandwa na hasira, nikamfuata hadi kwake. Kumbe gramafoni ilikuwa na betri zake, na umeme ulipitia waya uliounganisha vyombo hivyo viwili, ukaiamsha redio iliyozimwa. Nikachomoa waya. Kimya.

Akanimiminia chai huku akicheka. "Sasa mwanangu, nirudishie ile swichi yangu ya kwanza. Haikuwa na kosa."